Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kujenga Malengo ya Mwaka wa Kwanza Chuoni Kutokana na Uliyopitia Shuleni

Kila vyuo vinapofunguliwa, Oktoba kuelekea Novemba, wanafunzi wapya hunionyesha karatasi za malengo zinazofanana: kupata GPA (wastani wa alama) ya 4.5, kusoma kwa bidii, kuepuka makundi mabaya, kumcha Mungu. Testi ya kwanza ikipita, karatasi haionekani tena.

Wengi wao wana bidii. Tatizo liko kwenye mahali wanapoanzia. Wanaandika malengo ambayo mwanafunzi yeyote angeweza kuyaandika, huku kila mmoja ametoka shule yake, amefundishwa na walimu wake, ameogopa somo lake na ana namna yake ya kusoma aliyoizoea. Hayo ndiyo yatakayomwendesha chuoni, ayajue asiyajue. Lengo lisilotokana nayo halidumu mwezi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Tanzania, hasa aliyetoka Kidato cha Sita. Aliyepitia diploma anaweza kuufuata vilevile kwa kuongeza yale ya chuo alichotoka. Tenga jioni mbili, na usifanye hatua zote kwa mkao mmoja.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Matokeo yako ya NECTA (Baraza la Mitihani) ya Kidato cha Nne na cha Sita, yakiwa na alama ya kila somo. Division peke yake haitoshi.
- Ripoti za muhula za shule, kama nyumbani zilihifadhiwa. Mpigie mama au mlezi akupigie picha.
- Daftari moja la zamani la somo uliloliweza, na jingine la somo lililokutesa.
- Prospektasi ya chuo, ukurasa wa programu yako, wenye masomo ya miaka yote na krediti zake.
- Ratiba ya muhula na muhtasari wa kila somo uliotolewa na mhadhiri.
- Taarifa ya mkopo wako wa HESLB (Bodi ya Mikopo), au hesabu ya pesa unayotumiwa na nyumbani.
- Daftari jipya na kalamu za rangi tatu.
- Namba ya simu ya mtu mmoja aliyekuona ukisoma: mwenzako wa bweni, dada yako au mwalimu.

Huyo wa mwisho usimruke. Yapo mambo juu ya usomaji wako ambayo yeye anayajua na wewe huyajui.

## Hatua ya 1: Andika matukio, usiandike sifa

Andika matukio 8 hadi 10 ya shuleni ambayo bado unayakumbuka: ya kuweza, kushindwa, kuongoza, kunyamaza, kuhama, kusaidiwa. Tukio lina mahali, wakati na watu. "Mimi si mtu wa hesabu" ni sifa. "Kidato cha Pili mwalimu wa hesabu alihamishwa, tukakaa hadi mtihani wa taifa bila mwalimu" ni tukio.

Kwa nini hivi. Sifa haikupi la kufanya. Tukio linakuonyesha sababu, na sababu nyingi za shuleni hazikukufuata chuoni. Mwalimu aliyehama hayupo tena kwenye hesabu ya maisha yako, ila woga aliouacha bado unao, na ndio utakaokufanya ukwepe somo la takwimu mwaka wa pili.

Ukikwama, jiulize: Ni lini nilisoma bila mtu kuniamrisha? Ni siku gani niliacha kuuliza swali darasani, na ilikuwaje? Niliwahi kumfundisha mwenzangu akaelewa? Nilikuwa kiranja, au nilijificha majina yalipotajwa mstarini?

Tahadhari. Shule huacha mengine mazito: fedheha mbele ya darasa, viboko, unyanyasaji. Tukio likikuumiza kila ukiligusa, usilazimike kuliandika. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi chuoni, au dawati la jinsia kama chuo chako kinalo.

Utajua umefanikiwa pale mtu asiyekufahamu akisoma orodha yako ataliona darasa na waliokuwemo, na hatakuta neno "mvivu", "mjinga" wala "kipanga".

## Hatua ya 2: Tenga ya kengele, ya watu na ya kwako

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, kwa hiyo usiende haraka.

Chukua kila tukio la mafanikio, kisha uliweke alama kwa moja ya rangi tatu. Rangi ya kwanza ni ya kengele: ulifanya kwa sababu utaratibu wa shule ulikusukuma. Ya pili ni ya watu: ulifanya kwa sababu fulani alikuwepo. Ya tatu ni yako: ungefanya hata kama hakuna anayekutazama.

Mfikirie mwanafunzi aliyesoma bweni. Kengele inamwamsha saa 11 alfajiri, anakimbia mchakamchaka, anafanya usafi, anasimama mstarini, anaingia vipindi. Jioni kuna prepu, muda wa kujisomea, ya saa 1 hadi saa 4 usiku, mwalimu wa zamu akipita dirishani. Taa zinazimwa, analala. Anatoka na Division One, naye anaamini kwa dhati kwamba anajua kujipangia muda. Kumbe miaka miwili yote muda wake ulipangwa na wengine. Chuoni hakuna anayegonga kengele. Mhadhiri hajui jina lake, na Jumanne ana kipindi kimoja tu cha saa mbili. Mwezi wa kwanza unaisha hajafungua kitabu, anashangaa amekuwaje.

Sasa mfikirie binti aliyesoma shule ya kata akitokea nyumbani. Alirudi, akateka maji, akapika, akamlaza mdogo wake, ndipo akafungua daftari saa 3 usiku kwa mwanga wa simu. Matokeo yake ya Kidato cha Nne yalikuwa ya wastani, na hata leo anajiona mdogo mbele ya waliotoka shule zenye majina. Lakini ukiipaka rangi orodha yake, rangi ya tatu imejaa. Kujiamsha, kuchagua la kusoma leo na la kuacha, kurudi kwenye daftari baada ya kukatizwa: hivyo ndivyo mwaka wa kwanza unavyodai, na yeye anavyo tayari.

Wote wawili wakiandika "nitasoma kwa bidii" watakuwa wameandika maneno mamoja yenye mahitaji tofauti kabisa. Wa bweni anahitaji kutengeneza kengele yake mwenyewe. Binti anahitaji kuitambua nguvu aliyonayo, na pengine kuongeza saa za usingizi sasa ambapo hana wa kumpikia.

Rangi ya watu nayo ina kazi yake. Kama ulifaulu Kemia kwa sababu ya kikundi cha wanne mlichokaa nacho chini ya mti kila Jumamosi, basi unasoma vizuri ukiwa na watu, na watu hao wametawanyika: mmoja Mbeya, mwingine Dodoma, mwingine yuko kambini JKT. Lengo lako la kwanza linaweza kuwa kupata kikundi kipya kabla ya wiki ya nne. Usisubiri kijitokeze.

Tahadhari. Usiipake rangi ya tatu kwa fahari. Kipimo kizuri ni likizo. Ile likizo ya Kidato cha Tano, ulipokuwa nyumbani bila prepu wala mwalimu wa zamu, ulisoma nini, na siku ngapi? Jibu hilo linakueleza mengi kuliko cheti. Mpigie na yule mtu wako umuulize: "Ulikuwa unaniona nasoma lini na vipi?" Msikilize, usimbishie.

Utajua umefanikiwa ukiweza kutaja mambo mawili uliyobebwa na kengele, mtu mmoja au wawili waliokubeba, na angalau jambo moja lako mwenyewe. Jambo lako moja linatosha kuanzia.

## Hatua ya 3: Fuatilia ulivyofika kwenye programu yako

Andika mistari mitatu. Tahasusi yako (kombi ya masomo) ya Kidato cha Tano uliichagua wewe, uliichagua kwa kuangalia alama, au ulipangiwa? Programu unayosoma sasa ilikuwa chaguo la ngapi ulipoomba? Nani alifurahi zaidi ulipochaguliwa: wewe au mtu mwingine?

Wengi waliosoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) waliingia nayo kwa sababu walifaulu sayansi Kidato cha Nne na kila mtu akawaambia udaktari. Alama za Sita zikatoka pungufu, wakaangukia programu nyingine, na wanaingia chuoni wakiomboleza. Mwanafunzi wa namna hiyo akiandika malengo wiki ya kwanza, anaandika malengo ya programu aliyoikosa.

Ukiona hivyo ndivyo ilivyo, una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni uhamisho. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) hutangaza dirisha la uhamisho mwanzoni mwa mwaka wa masomo, nalo ni fupi. Nenda ofisi ya udahili mapema uulize tarehe na vigezo. Kabla ya kujaza chochote, muulize afisa mikopo wa chuo mkopo wako utahamaje. Ya pili ni kuichunguza programu uliyonayo: fungua prospektasi, soma majina ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu, uweke tiki penye lolote linalogusa kitu ulichokipenda shuleni. Aliyekosa udaktari akaingia sayansi ya mazingira anaweza kukutana tena na biolojia, mikrobiolojia na afya ya jamii.

Kwa maoni yangu, jaribu ya pili kwa wiki mbili kamili kabla ya kuikimbilia ya kwanza, ila tarehe ya dirisha uwe umeshaijua. Uchungu wa kukosa chaguo la kwanza mara nyingi hupungua ukishayajua masomo yenyewe.

Utajua umefanikiwa ukiwa na tiki tatu kwenye prospektasi, au fomu ya uhamisho mkononi.

## Hatua ya 4: Geuza tukio kuwa lengo

Chagua matukio matatu tu. Yakizidi hapo yatakushinda, kwa sababu una masomo matano au zaidi na jiji usilolijua. Kila moja liandike kwa sentensi yenye umbo hili:

*Kwa sababu (tukio), muhula huu nita(tendo), siku na saa (fulani), na nitajua limefanyika kwa (kipimo).*

Tendo liwe kitu unachoweza kukifanya Jumanne mchana. GPA haifanyiki Jumanne. Ijue tu inavyokaa: kwenye mizani ya 5 inayotumika katika vyuo vyetu vingi, daraja la kwanza huanzia 4.4 na daraja la pili la juu huanzia 3.5. Iandike pembeni ya ukurasa, halafu shughulika na matendo.

Hii ni mifano mitatu ya mambo ninayokutana nayo mara nyingi.

Aliyechekwa kwa Kiingereza. Tukio: Kidato cha Kwanza alisimama kujibu, akakosea, darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo akawa anajua majibu bila kuyasema. Chuoni kuna semina, na semina ina alama. Lengo: "Kwa sababu niliacha kusema tangu Kidato cha Kwanza, kuanzia wiki ya tatu nitauliza swali moja katika semina ya Alhamisi. Nitaliandika usiku wa Jumatano na kulisoma kwa sauti mara tatu. Nitajua limefanyika kwa tarehe nitakazoziandika nyuma ya daftari." Aanze na kusoma swali kutoka kwenye karatasi; hakuna mhadhiri mwenye busara atakayemkataza. Kusema bila karatasi kutakuja kwenyewe.

Aliyefaulu kwa kukariri. Tukio: wiki sita kabla ya mtihani wa Sita alipitia pepa za NECTA za miaka ya nyuma, akashika majibu, akapata A ya Historia. Njia ilifanya kazi, kwa hiyo ataitumia tena, na hapo ndipo hatari ilipo. Swali la chuo linamwambia ajadili, alinganishe, atetee, na mara nyingi linategemea makala aliyopewa kusoma wiki ya tano. Lengo: "Kila Jumapili saa 10 jioni nitachukua makala moja niliyopewa, nitafunga daftari, na kuandika nusu ukurasa kwa maneno yangu: mwandishi anasema nini, na mimi nakubali wapi. Kipimo ni nusu kurasa kumi kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula)." Akitaka kubaki na pepa za nyuma, abaki nazo, ila azitumie kujua namna maswali yanavyoulizwa.

Aliyeikimbia hesabu. Alisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) ili aachane na namba, akaingia sosholojia, kumbe kuna takwimu. Lengo lake lianze kabla somo halijafika: kurudia asilimia, uwiano, wastani na usomaji wa jedwali kwa vitabu vya hesabu vya sekondari, dakika 40 Jumatatu na Ijumaa, pamoja na mwenzake aliyesoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati). Asione haya kurudi kwenye kitabu cha sekondari. Pengo lilifunguka huko, na linazibwa huko.

Neno kwa waliokuwa kaka mkuu au dada mkuu. Mtaombwa kugombea serikali ya wanafunzi kabla hamjaijua hata njia ya maktaba, na mtakubali kwa kuwa mmezoea kuitwa mbele. Uongozi ni kitu chenu na msiuache, lakini subirini matokeo ya muhula wa kwanza yatoke. Shuleni kiranja alikuwa na kengele ya kumrudisha darasani. Chuoni kikao kinaweza kumla hadi usiku wa manane, na kesho yake hakuna atakayemuuliza alikuwa wapi.

Utajua umefanikiwa ukimpa mwenzako sentensi zako tatu naye akaweza kukuuliza siku ya Ijumaa, "Umefanya?" nawe ukajibu ndiyo au hapana bila maelezo marefu.

## Hatua ya 5: Pima malengo kwa saa na kwa pesa

Kwa mfumo wa TCU, krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza. Somo la krediti 12 linadai saa 120. Ukizigawa kwa wiki 15 za muhula unapata saa 8 kwa wiki. Kama mhadhara na semina vinachukua saa 3, zilizobaki 5 ni zako peke yako.

Ukiwa na masomo matano ya namna hiyo, ni saa 25 za kujisomea kila wiki. Linganisha na prepu: saa 3 kwa usiku 6 ni saa 18. Maana yake ni kwamba hata ukiihamishia ratiba ya bweni chumbani kwako hosteli, bado unapungukiwa saa 7. Wanafunzi wengi hawajawahi kupiga hesabu hii, ndiyo maana wanajiona wanasoma sana na alama hazipandi.

Chukua ratiba, paka rangi vipindi, kisha tafuta saa 25 hizo ziliko. Nyingi ziko mchana, katikati ya vipindi, pale watu wanapokaa kwenye vimbweta wakipiga soga. Saa mbili za mchana zina thamani kuliko kukesha. Weka malengo yako matatu ndani ya saa hizo, si juu yake.

Halafu pesa. Shuleni chakula kilikuja kwa kengele, na pesa ya matumizi pengine ilitunzwa na matroni. Sasa bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, linaingia kwa mkupuo. Mwongozo wa HESLB wa miaka ya karibuni umeweka hadi shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Mkupuo wa siku 60 ni shilingi 600,000, na kwa wengi ni pesa kubwa kuliko waliyowahi kuishika. Siku ileile inapoingia, toa kwanza kodi ya chumba na gharama za kudurufu, kisha gawanya iliyobaki kwa idadi ya wiki na uiandike kwenye daftari hilihili la malengo.

Tahadhari. Usilipange lengo linalotegemea laptopu ambayo bado hujainunua. Panga kwa ulichonacho leo: maktaba, maabara ya kompyuta, simu.

Utajua umefanikiwa kama wiki ya pili inaisha, kila lengo lina saa yake kwenye ratiba, na unajua una shilingi ngapi za kula hadi Ijumaa.

## Hatua ya 6: Waambie watu wawili

Mmoja awe chuoni: mshauri wako wa kitaaluma au mwanafunzi wa mwaka wa pili wa programu yako. Huyu atakwambia upesi kama lengo linagongana na jinsi somo linavyofundishwa.

Wa pili awe nyumbani. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu nyumbani wanajua lile lengo la zamani, la udaktari au uanasheria. Usipige simu ukiwa na jazba. Sauti ya ujumbe fupi inatosha: "Shikamoo baba. Huku nimeanza salama. Naomba nikueleze nimepanga nini muhula huu. Nimegundua shuleni nilifaulu kwa kukariri, kwa hiyo sasa najifunza kusoma makala na kuandika mwenyewe. Mwezi wa kwanza nitakupigia nikueleze inavyokwenda." Mzazi akipewa jambo analoweza kulifuatilia, hupunguza kuuliza kwa nini hukuchaguliwa udaktari.

## Hatua ya 7: Kagua baada ya testi ya kwanza

Testi ya kwanza inaporudishwa, fungua daftari kabla hujamweleza mtu alama zako. Kwa kila lengo jibu kwanza: nililifanya, au sikulifanya?

Kama hukulifanya, lengo halijashindwa, halijajaribiwa. Punguza ukubwa wake kwa nusu na ulihamishie saa nyingine. Mara nyingi kosa huwa ni kulipangia alfajiri mtu ambaye tangu zamani alisoma vizuri usiku, na orodha ya Hatua ya 1 ilishamwambia hivyo.

Kama ulilifanya na alama bado ni za chini, libakishe lengo na ubadilishe tendo. Nenda na karatasi ya testi kwa mhadhiri au msaidizi wake saa za ofisi, ukiwa na swali moja mahususi: "Mwalimu, hapa nimepoteza alama nne. Jibu lililokamilika lingekuwa na nini?" Fanya hivyo ndani ya wiki hiyohiyo. Vyuo kadhaa havimruhusu mwanafunzi kukaa UE kama alama zake za ndani ziko chini ya kiwango kilichowekwa, kwa hiyo soma kanuni za chuo chako sasa, usizisome baada ya jina kubandikwa.

Kama ulilifanya na alama zimepanda, usiongeze lengo la nne. Liache likomae hadi mwisho wa muhula.

Matokeo ya UE yakitoka, rudia Hatua ya 2 peke yake, safari hii ukiyapaka rangi matukio ya chuoni. Ukipata sapu (mtihani wa kurudia somo uliloshindwa), nayo iandike kama tukio: somo gani, wiki gani ulianza kupotea, nani alikuwepo, nani hakuwepo. Kisha itengenezee sentensi ya Hatua ya 4, uiwekee saa kwenye ratiba ya likizo, na umtumie nakala yule mtu wako wa kwanza, aliyekuona ukisoma tangu shuleni.